Mapenzi hayangoji vita viishe

Filamu «Half of a Yellow Sun» ilitoka mwaka 2013, kutokana na riwaya ya Chimamanda Ngozi Adichie kuhusu vita vya Biafra kule Nigeria, 1967 hadi 1970. Wakosoaji walisifu waigizaji Thandie Newton na Chiwetel Ejiofor, lakini wengine wakasema ugomvi wa wapenzi umefunika vita. Hapo walikosea. Olanna na Odenigbo wanafunga ndoa, mabomu yanaangukia harusi. Aliyekimbia na godoro kichwani anajua: hata kambini watu wanaoana, wanaoneana wivu, wanasameheana. Kosa la filamu ni lingine: njaa, iliyoua watoto wengi Biafra, inapita mbiombio. Mkimbizi haisahau njaa upesi hivyo.