Harambee Stars na ugonjwa wa bao moja

1, 1, 1, 1, 1. Hapana, hilo si neno la siri la kompyuta za ofisini kwetu, ingawa nimewahi kukutana na maneno ya siri mabaya kuliko hilo. Hayo ni mabao ya Harambee Stars kwenye CHAN ya Agosti 2025, mechi baada ya mechi. DR Congo 1-0 tarehe 3. Angola 1-1 tarehe 7. Moroko 1-0 tarehe 10. Zambia 1-0 tarehe 17. Kisha robo fainali tarehe 22, Kasarani, Madagaska 1-1, tukatolewa kwa penalti 4-3.

Mtu anayeandika programu akiona tarakimu moja inajirudia mara tano mfululizo, jambo la kwanza analowaza ni kwamba kuna kitu kimekwama mahali. Mimi pia niliwaza hivyo. Najua blogu hii ni ya mambo ya kompyuta na wengine wenu mtauliza mpira umeingiaje hapa. Vumilieni kidogo, kompyuta inakuja.

Kwanza niseme wazi kwamba siandiki kwa sababu timu ilikuwa mbovu. Ingekuwa mbovu ningelala usingizi mzuri, tumezoea. Hii ilikuwa CHAN yetu ya kwanza kabisa (ile ya 2018 tulipewa kuandaa, tukanyang'anywa mwaka 2017 kwa sababu ya kutojiandaa, ikapelekwa Moroko). Tuliongoza kundi tukiwa na pointi 10. Tuliwafunga Moroko, na Moroko hao hao ndio waliotwaa kombe tarehe 30 Agosti, hapo hapo Kasarani, kwa kuwafunga Madagaska 3-2. Someni tena. Bingwa tulimfunga, na aliyetutoa alifika fainali. Kombe lilikuwa karibu kiasi cha kulishika mkono.

Sasa turudi kwenye bao moja. Kibera na Kawangware kote, watu niliozungumza nao walikuwa na lawama moja: penalti. Eti penalti ni bahati nasibu, tulikosa bahati, basi. Hiyo hoja siikubali. Penalti zilikuja mwishoni. Kosa lilifanyika mapema zaidi, pale tulipokuwa tunaongoza. Tulipata bao dakika ya 48, tena kupitia beki, Alphonce Omija. Tulikuwa nyumbani, uwanja wote wetu, wachezaji 11 dhidi ya 11. Nilichokiona mimi baada ya hapo ni timu iliyoanza kulinda kibanda kabla bidhaa hazijaisha kupangwa. Viungo wakarudi kukaa miguuni mwa mabeki. Mshambuliaji akabaki peke yake huko mbele kama mlingoti wa simu. Madagaska wakapata penalti, wakasawazisha, na tangu hapo tukawa tunakimbizana na saa.

Dhidi ya Angola na Moroko nawasamehe. Angola tulicheza zaidi ya saa nzima tukiwa 10 baada ya Marvin Nabwire kupewa kadi nyekundu, na Moroko ikawa hivyo hivyo, Chris Erambo akatolewa karibu na mapumziko. Ukiwa pungufu unarudi nyuma, hakuna ubishi. (Kadi nyekundu 2 katika mechi 2 mfululizo ni makala nyingine kabisa, na si ya kusifu.) Lakini nahisi timu ilitoka katika mechi hizo na somo lisilofaa. Ilijifunza kwamba kulinda bao moja kunawezekana. Ikafanya jambo la dharura kuwa desturi. Sisi watu wa programu tunaijua sana hadithi hii: mtu anaandika kiraka cha usiku mmoja ili seva isizime, na miaka mitatu baadaye kampuni nzima inaendeshwa na kile kiraka.

Haya, kompyuta. Kuna mwanahisabati Mfaransa aliyeitwa Poisson, ambaye mwaka 1837 alichapisha njia ya kukadiria matukio machache yanayotokea bila mpangilio. Mwaka 1898 mtu mmoja, Bortkiewicz, aliitumia kuhesabu askari wa jeshi la Prussia waliouawa kwa mateke ya farasi. Mateke ya farasi na mabao ya mpira yanafanana: hutokea mara chache, hujui lini, lakini ukijua wastani unaweza kukadiria mengi. Niliandika mistari kama 20 tu ya Python.

Stars walifungwa mabao 2 katika mechi 5, yaani wastani wa 0.4. Huo ni ulinzi mzuri sana, na kipa Byrne Omondi na mabeki wake wanastahili heshima yao. Kwa wastani huo, nafasi ya kumaliza mechi bila kufungwa ni asilimia 67. Kutoka robo fainali hadi kombe kuna mechi 3. Kama unafunga bao moja tu kila mechi, ili ushinde zote tatu ndani ya dakika 90 lazima usifungwe hata mara moja katika zote tatu. Zidisha 0.67 mara tatu. Unapata asilimia 30. Yaani kwa ulinzi ule ule uliotufanya tuimbe barabarani, tulikuwa na nafasi 3 kati ya 10.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Ulinzi uache vilevile, ila funga mabao 2 kila mechi. Sasa unaweza kufungwa moja na bado ukashinda. Nafasi ya kushinda mechi moja inapanda hadi asilimia 94, na zote tatu asilimia 83. Kutoka 30 hadi 83! Bao moja la ziada.

Nilimwonyesha kinyozi wangu wa Kawangware, karibu na steji ya 46, kwenye simu. Akazima mashine ya kunyoa, nikiwa nusu kichwa.

"Kaka, umesahau penalti. Ukitoka sare bado hujatoka."

Alikuwa na haki. Nikarudi nyumbani nikaongeza mistari miwili: kila sare inaamuliwa kwa sarafu, nusu kwa nusu. Timu ya bao moja inapanda hadi asilimia 52. Timu ya mabao mawili inafika 90. Nilipompelekea majibu akasema mpira hauchezwi kwenye kalukuleta, na kwamba nilimlipa pungufu wiki iliyopita. La pili sikubaliani nalo. La kwanza ni kweli, mechi 5 ni chache mno kwa hesabu yoyote ya kujivunia, na mpinzani wa fainali si sawa na mpinzani wa makundi. Lakini sihitaji usahihi wa desimali kuona pengo la namna hiyo. Ukiona moshi mkubwa huhitaji kipimajoto.

Mabao yenyewe yalitoka wapi? Austin Odhiambo 2, moja likiwa la penalti. Ryan Ogam 2. Omija 1, naye ni beki. Basi. Mashindano mazima, wafungaji watatu. Mawinga hawakufunga. Washambuliaji wengine walioingia na kutoka hawakufunga. Sitawataja majina mmoja mmoja kwa sababu baadhi yao ni vijana na wana mama zao wanaosoma, lakini mshambuliaji wa timu ya taifa anayemaliza mashindano bila bao ana swali la kujibu, na kocha aliyeendelea kumpanga vile vile ana maswali mawili. Benni McCarthy, aliyeanza kazi hapa Machi 2025, ni mtu aliyefungia Afrika Kusini mabao 31 na kushinda Ligi ya Mabingwa ya Ulaya akiwa Porto mwaka 2004. Kama kuna mtu aliyestahili kutufundisha kufunga ni yeye. Ndiyo maana ilinikera zaidi. Ukimleta mpishi wa pilau hutarajii akupe mkate na chai.

Kuna watakaosema CHAN ni wachezaji wa ligi ya nyumbani tu, na wale wa nje wakija mambo hubadilika. Walikuja. Tarehe 5 Septemba, Kasarani, kufuzu Kombe la Dunia, Gambia wakatufunga 3-1. Gambia hao hao tulikuwa tumetoka nao sare ya 3-3 huko Abidjan mwezi Machi, kwa hiyo mechi mbili, mabao 6, mpinzani mmoja. Shelisheli tuliwafunga 5-0, sawa, hongera. Burundi 1-0 mwezi Oktoba, bao moja tena. Ivory Coast wakatupiga 3-0. Na mwezi Novemba, mechi ya kirafiki nchini Uturuki, Senegal 8 sisi 0. Nane! Hapo ndipo timu ya kulinda inapoumbuka: ukuta ukishapasuka hakuna mpango wa pili. Ni seva moja iliyobeba kila kitu, ikifa mfumo wote umekufa.

Na hela? Rais aliahidi wachezaji wa CHAN shilingi milioni 1 kila mmoja kwa kila ushindi, kuanzia makundi. Sina wivu, wachukue, miguu yao ndiyo iliyofanya kazi. Ila fikiria kama mtu wa programu: ukiuambia mfumo kwamba zawadi ni ushindi tu, na 1-0 inalipa sawa na 4-0, utafundisha mfumo nini? Kwa mchezaji ambaye hajawahi kuona milioni, dakika ya 70 mkiwa mbele kwa bao moja, kupanda mbele ni kuweka milioni hatarini. Ningekuwa mimi ningerudi nyuma pia, ningelala hata kwenye mstari wa goli.

Kinachoniuma hasa ni kwamba huku mitaani soka haichezwi hivyo. Nenda Kibera jioni yoyote, uwanja wa Kamukunji, utazame vijana. Uwanja ni vumbi, mpira unaruka ovyo, watu ni wengi na nafasi ni ndogo. Mtoto aliyekulia hapo anajua kupokea mpira akiwa amezungukwa na watatu na kutoka nao. Kawangware ni hivyo hivyo, viwanja vichache, timu tele, na ukipoteza mpira kizembe unasubiri zamu yako hadi giza. Huwezi kujificha. Kisha kijana huyo huyo akipanda ngazi, klabu hadi klabu, anafundishwa kuupiga mbele, mbali, popote, mradi uondoke. Tunachukua mtu aliyejifunza kufikiri katika nafasi ya mita mbili tunamgeuza kuwa mpiga mateke. Farasi wa Prussia.

Na wakati hautusubiri. Septemba 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa AFCON ya 2027. Uwanja wa Talanta, wa viti 60,000, ujenzi wake ulizinduliwa Machi 2024 kando ya Ngong Road, huku Jamhuri. Kwa wasioijua Nairobi: Kibera iko upande mmoja wa barabara hiyo na Kawangware upande wa pili. Watoto wa pande zote mbili wanaweza kutembea kwa miguu hadi langoni. Sitaki watembee hivyo kwenda kutazama watu 11 wakilinda bao moja kwa dakika 42.

Kuna timu zilizofanya kazi hii kwa akili badala ya mabilioni. Midtjylland ya Denmark ilichukua ubingwa wake wa kwanza 2015, na Brentford ya Uingereza ilipanda Ligi Kuu 2021, zote chini ya Matthew Benham, mtu wa hesabu na kamari. Walipima kila shuti: limepigwa kutoka wapi, kwa mguu au kichwa, na mashuti ya namna hiyo huingia mara ngapi. Penalti huingia takribani mara 3 kati ya 4, shuti la mbali huingia mara chache mno, kwa hiyo waliacha kupoteza mipira kwa mashuti ya mbali na wakatumia muda mwingi kwenye kona na mipira ya adhabu. Bao la Omija linanikumbusha jambo hilo. Kama mabeki wetu wanaweza kufunga, kwa nini hatuwatumii zaidi?

Data hii haihitaji kamera za bei ghali. Inahitaji mtu mmoja mwenye simu, kiti cha plastiki, na uvumilivu wa dakika 90. Nimetengeneza faili la jedwali lenye safu saba: dakika, timu, nani amepiga, eneo la uwanja (nimeugawa vipande 12), mguu au kichwa, matokeo, na ubao unasoma ngapi wakati huo. Hiyo safu ya mwisho ndiyo muhimu kwangu, kwa sababu ndiyo itakayoonyesha kama timu huacha kupiga mashuti mara tu inapoongoza. Jumapili mbili zilizopita nililijaribu kwenye mechi ya mtaani hapa Kawangware. Kipindi cha kwanza nilikuwa nachelewa kuandika, cha pili nikazoea.

Faili lina ukubwa mdogo kuliko picha moja ya simu. Anayelitaka aniandikie nitamtumia, hasa kama unaishi karibu na Kamukunji na Jumamosi huna kazi. Kinyozi ameomba niongeze safu ya nane ya makosa ya refa. Nimemwambia simu haina nafasi ya kutosha.