Mwimo: neno lililosimama langoni

Ukifika kwenye mji wa familia ya Kinyambo huku Mabira, mkoani Kagera, kabla hujaiona nyumba utaona magogo mawili yamesimama kando ya kijia, migomba huku na huku. Hapo ndipo irembo, mahali pa kupigia hodi. Fundi wa leo atakuambia hizo ni "nguzo za geti", lakini Kiswahili kina neno lake la zamani: mwimo, kwa wingi miimo, yaani nguzo ya pembeni mwa mlango au lango. Mzizi wake ni -ima, kitenzi cha kale cha kusimama, kilichotuachia pia wima na simama. Kwa Kinyankore, ndugu wa Kinyambo ng'ambo ya Mto Kagera, kusimama ni kwemerera. Waumini hulikuta neno mwimo katika kitabu cha Kutoka, sura ya 12, pale Waisraeli wanapopaka damu ya mwanakondoo kwenye miimo miwili na kizingiti cha juu. Tusivichanganye: kizingiti hulala, mwimo husimama. Majirani zetu wa Rwanda wamelichukua irembo, neno la uani, wakaliita kwa jina hilo lango la huduma za serikali mtandaoni. Sisi neno letu, mwimo, tunaliacha lioze kama gogo lililoliwa na mchwa. Mzazi mwenzangu, siku utakapochimba shimo la nguzo, mwambie mtoto anayekushikia gogo: huu, mwanangu, unaitwa mwimo.