Vidonge vya Sonona Miezi ya Mwisho ya Mimba

Mama mwenye mimba ya miezi minane hutuuliza: je, aache vidonge vya sonona ili mtoto azaliwe salama? Usiviache ghafla, dada. Ukikatisha amitriptilini au fluoksetini, ugonjwa waweza kurudi kwa nguvu: huli, hulali, kliniki huendi, na wengine hufikia kutaka kujiua. Sonona isiyotibiwa nayo huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa njiti.

Ni kweli dawa humfikia mtoto tumboni. Baadhi huzaliwa wakitetemeka, wakilia sana, wakinyonya au kupumua kwa shida; wengi hutulia baada ya siku chache. Ndiyo maana hatutaki ujifungulie nyumbani. Anayetoka mbali, tuseme Tura kwenye njia ya zamani ya misafara, asogee mapema karibu na hospitali ya Kitete, Tabora. Mkunga ajulishwe jina la dawa, ili mtoto aangaliwe. Usiifiche kwa kuogopa kuitwa kichaa. (Mawifi watasema ni mashetani, tuwaombee, lakini vidonge tumeze.)

Kupunguza dozi ni kazi ya daktari, polepole, tena kwa aliyekwisha kupata nafuu ya muda mrefu. Siku hiyo hiyo muulize na habari ya kunyonyesha.