Sekunde za Sifuri Hadi Mia Hazipimi Ubora wa Gari

Miongoni mwa wanunuzi wa krosova ndogo za kifahari, yaani magari ya familia yaliyoinuka kidogo kutoka ardhini lakini yaliyoundwa juu ya msingi wa gari dogo la kawaida, kama vile BMW X1, Audi Q3, Mercedes-Benz GLA na Volvo XC40, imeota mizizi imani kwamba gari linalotumia sekunde chache zaidi kutoka kusimama hadi mwendo wa kilomita 100 kwa saa ndilo lililotengenezwa vizuri zaidi, na ndilo litakalomwokoa dereva atakapolipita lori kwenye barabara yenye njia moja kila upande. Takwimu hiyo huandikwa kwa herufi kubwa kwenye matangazo, hurudiwa na wauzaji katika yadi za magari za Nairobi na Dar es Salaam, na mwishowe hutumiwa kuhalalisha tofauti kubwa ya bei. Imani hiyo ni potofu, na kwa kuwa inagusa barabara ambazo watu hupotezea maisha, haifai kuachwa iendelee kwa kisingizio cha mapenzi ya magari.

Kipimo chenyewe kina asili ya magazetini. Tom McCahill, mwandishi wa Marekani aliyeanza kuliandikia jarida la Mechanix Illustrated mwaka 1946, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa desturi ya kupima muda wa kutoka sifuri hadi maili 60 kwa saa, ambazo ni sawa na takribani kilomita 97 kwa saa. Kwingineko ilizoeleka kupima hadi kilomita 100, na tofauti haiishii hapo, kwa sababu majarida makubwa ya Marekani hayaanzi kuhesabu muda mpaka gari limekwisha kusogea futi moja, yaani takribani sentimita 30, kanuni iliyorithiwa kutoka mashindano ya mbio fupi za mstari mnyoofu. Kanuni hiyo peke yake hupunguza takribani sehemu mbili au tatu za kumi za sekunde, kiasi ambacho wanunuzi wengi hukichukulia kuwa ushindi wa gari moja dhidi ya jingine. Anayelinganisha takwimu ya Marekani na ile ya kiwanda cha Ujerumani analinganisha vipimo viwili tofauti.

Lililo zito zaidi ni namna takwimu inavyopatikana. Dereva wa majaribio hukanyaga breki kwa mguu wa kushoto, hukandamiza pedali ya mafuta hadi sakafuni kwa mguu wa kulia, na kompyuta ya gari hushikilia injini kwenye mizunguko iliyopangwa ili turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda, iwe imekwisha kujenga shinikizo lake lote, ndipo breki inapoachiwa kwa ghafla. Hata katika magari ya umeme, ambayo hayana turbo, ule muda wa sekunde 3.3 ambao Porsche huutangaza kwa Macan Turbo hutegemea utaratibu maalumu wa kuondoka unaowashwa kwa makusudi. Hakuna mzazi anayewapeleka watoto shuleni kwa namna hiyo, wala dereva anayetoka kwenye mzunguko wa barabara akiwa amejiandaa hivyo. Jarida la Car and Driver la Marekani, kwa kulitambua hilo, hupima pia muda wa kutoka maili 5 hadi maili 60 kwa saa bila maandalizi yoyote, na mara nyingi magari yenye turbo huchukua muda mrefu zaidi katika jaribio hilo kuliko katika lile la kuanzia sifuri, ingawa yamekwisha kuwa mwendoni. Kipimo hicho ndicho kinachofanana na maisha, lakini hakionekani kwenye tangazo lolote.

Fizikia nayo inaikana imani hii. Nishati ya mwendo, yaani kazi ambayo injini inapaswa kuifanya ili kulipa gari kasi fulani, huongezeka kwa mraba wa kasi hiyo. Krosova yenye uzito wa kilo 1,800 huhitaji takribani kilojuli 174 ili kufika kilomita 50 kwa saa, na takribani 694 ili kufika 100, kwa hiyo nusu ya kwanza ya kasi hugharimu robo tu ya kazi yote. Katika robo hiyo, jambo linaloamua ni mshiko wa matairi, magurudumu manne yanayosukuma kwa pamoja, na wepesi wa mfumo wa kuondokea. Kutoka kilomita 80 hadi 120 gari hilohilo huhitaji takribani kilojuli 556 kabla ya kuhesabu upinzani wa hewa, na hapo ndipo nguvu halisi ya injini na wepesi wa giaboksi hujulikana. Magari mawili yanaweza kufungana katika kipimo cha kwanza na kuachana kabisa katika cha pili.

Hoja ya usalama ndiyo inayostahili kujibiwa kwa hesabu, kwa sababu ndiyo inayotolewa kwa kujiamini zaidi. Tuseme lori lenye urefu wa mita 17 linakwenda kilomita 60 kwa saa, na dereva wa krosova aliye nyuma yake anaanza kulipita akiwa umbali wa mita 20, kisha anarudi upande wake akiwa ameliacha mita 20 nyuma, bila kuvuka kilomita 100 kwa saa. Pamoja na urefu wa gari lake mwenyewe, analazimika kulishinda lori kwa mita 62. Gari lenye mchapuko wa wastani, yaani kiwango cha kuongeza kasi, linalotoka kilomita 60 hadi 100 kwa sekunde 5.6, litamaliza kazi hiyo kwa sekunde 8.4. Gari lenye mchapuko mkubwa zaidi kwa nusu nzima, linalofika 100 kwa sekunde 3.7, litaimaliza kwa sekunde 7.4. Faida yote iliyonunuliwa kwa fedha nyingi ni sekunde moja. Ikiwa gari lingine linakuja kutoka mbele kwa kilomita 100 kwa saa, la kwanza linahitaji barabara iliyo wazi ya takribani mita 433 na la pili mita 392.

Sasa iongezwe kuchelewa kwa mashine. Giaboksi ikisita kabla ya kushuka gia mbili, na turbo ikichelewa kujaza shinikizo, sekunde ile moja imeliwa yote kabla gari halijaanza kusogea kwa nguvu, na krosova yenye takwimu ya kuvutia inabaki sawa na ile iliyodharauliwa ambayo huitikia mguu mara moja. Mtetezi wa imani hii atasema kwamba mita 41 zinaweza kuokoa maisha, na hilo ni kweli ikiwa zinaachwa kama akiba. Lakini mtu aliyeaminishwa kwamba gari lake ni jepesi haziachi. Huzitumia kwa kuingia kwenye nafasi fupi zaidi, akikadiria kwa macho gari lililo karibu nusu kilomita mbele yake, makadirio ambayo jicho la binadamu haliyawezi kwa usahihi wa mita 41.

Mazingira ya Afrika Mashariki huzidi kuipunguzia takwimu hiyo thamani. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 15 kuliko Mombasa, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Yenye turbo hufidia, lakini turbo hulazimika kuzunguka zaidi na huchelewa zaidi kujaza. Kwenye miinuko ya Timboroa, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, hali huwa kali zaidi. Isitoshe, magari mengi ya kundi hili hununuliwa yakiwa yametumika, na nchini Kenya yanaruhusiwa kuingizwa yakiwa na umri usiozidi miaka 8. Takwimu ya kiwanda ilipimwa gari likiwa jipya, mara nyingi bila mizigo wala abiria watano.

Kuhusu ubora, hoja imekwisha kuvunjwa na viwanda vyenyewe. Mercedes-AMG GLA 45 S, yenye injini ya lita 2 inayotoa nguvu za farasi 421, kazi ya uhandisi inayostahili heshima kubwa, hufika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 4.3, ilhali Volvo EX30 yenye mota mbili za umeme, krosova ndogo kuliko zote za kampuni hiyo, hufika kwa sekunde 3.6. Mota ya umeme hutoa msukumo wake wote tangu mzunguko wa kwanza, hivyo wepesi wa kuondoka umekuwa bidhaa rahisi kuipata, na hauwezi tena kuthibitisha ufundi wa bodi, utulivu wa usukani wala uimara wa breki. Ni Volvo hiyohiyo iliyoamua kwamba magari yake mapya kuanzia mwaka 2020 yasivuke kilomita 180 kwa saa.

Anayenunua krosova ya namna hii ana haki ya kuiendesha ikiwa na familia ndani, kukanyaga mafuta akiwa kwenye kilomita 80 bila kubonyeza kitufe chochote, na kuhesabu muda unaopita kabla gari halijaitikia. Ana haki pia ya kukagua breki, na kuzisoma zile tarakimu nne zilizo ubavuni mwa tairi, ambazo hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa kwake. Wahariri wa safu za magari katika magazeti ya Kiswahili nao waanze kuchapisha muda wa kutoka 80 hadi 120 na umbali wa kusimama kutoka 100, na waiache ile takwimu ya sifuri hadi mia kwa wanaoshindana kwenye viwanja vya mbio.