Maziwa Tunapima, Vifusi Je?

Hebu niwaulize watu wangu wa Siongiroi. Ukipeleka maziwa pale kwenye mtambo wa kupoza, kuna mtu atakubali neno lako tu kwamba ni lita kumi? Thubutu! Yanapimwa, yanaangaliwa kama yametiwa maji, ndiyo uandikiwe. Majirani zetu wa majani chai pia, bila mizani hakuna pesa.

Sasa mbona mkandarasi akisema "taka zote za mjengo tumezirejeleza" tunapiga makofi?

Majuzi nilifuata lori la vifusi na bodaboda. Lilimwaga kando ya barabara, mtaro ukaziba, likaondoka. Kwenye karatasi hiyo itaitwa kujaza shimo. Na ujanja huu wa hesabu si wetu pekee. Umoja wa Ulaya ulilenga asilimia 70 ya taka za ujenzi zitumike tena kufikia 2020, lakini hata kujazia mashimo kunahesabiwa humo. Kwa hivyo asilimia kubwa haimaanishi tofali limekuwa tofali tena.

Kuna hatari pia. Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka 2006, lakini paa za zamani bado zipo. Zikivunjwa, zichanganywe na vifusi, halafu zimwagwe kwenye njia ya watoto wa shule, nani atajua?

Na wanaorejeleza kweli, kama fundi anayenyoosha misumari au mama anayejenga banda la kuku kwa mabati kuukuu, hakuna anayewahesabu.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inazitaka kaunti ziweke rekodi za taka na kuipa NEMA. Sawa. Lakini kunakili maneno ya mkandarasi si kupima. Lori lipimwe likitoka mjengoni na likifika linakoenda, risiti mbili zilingane, na mkaguzi asilipwe na yule anayemkagua. Utaniambia mizani ya lori ni ghali. Basi tuanze kwa kuhesabu malori na kupiga picha yanapomwaga. Hiyo haihitaji mamilioni.

Nawe unaweza kuuliza. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa Mkenya haki ya kuomba rekodi, na ofisi ya umma inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Mimi barua yangu kwa kaunti naiandika wiki hii. Mjengo ulio karibu nawe, vifusi vyake vilienda wapi?