Usukani mzito: pima kwanza kabla ya kununua pampu

Chukua mfano wa familia moja ya kando ya Ziwa Nyasa, mbele ya Ipinda ukielekea Matema. Ni saa saba usiku, mtoto wa miaka minne anachemka kwa homa. Baba anawasha Toyota Mark II ya zamani, anataka kurudi nyuma atoke chini ya mwembe, lakini usukani hauzunguki. Anaukaza kwa mikono miwili, gari linapiga kelele kama filimbi, na mama aliyempakata mtoto kiti cha nyuma anauliza, “Baba watoto, tutafika kweli?”

Wanafika. Hospitalini mtoto anatobolewa kidole, anapimwa malaria, ndipo anaandikiwa dawa. Asubuhi baba anapeleka gari gereji, na kabla hata boneti halijafunguliwa anaambiwa, “Mzee, hiyo pampu imekufa. Tafuta nyingine.”

Mtoto alipimwa kabla ya kutibiwa. Gari nalo linastahili hivyo. Pampu ni ghali, na katika nyumba nyingi za Kyela fedha ya namna hiyo husubiri mpunga uvunwe au kakao iuzwe. Halafu mara nyingi ugonjwa wenyewe uko kwingine.

Usukani wako ni wa aina gani?

Magari mengi ya miaka ya 1990, kama Corolla, Mark II na Hiace za wakati huo, usukani wake husaidiwa na mafuta. Injini huzungusha mkanda, mkanda huzungusha pampu, na pampu husukuma mafuta kwa nguvu kwenda kwenye usukani. Hiyo ndiyo pawa stelingi. Mkanda ukilegea, mafuta yakipungua au pampu ikichoka, dereva hubaki na nguvu za misuli yake tu.

Magari mengi madogo yaliyokuja baadaye hutumia mota ya umeme badala ya mafuta. Njia rahisi ya kujua ni kufungua boneti. Kama hakuna kikopo cha mafuta ya usukani, huenda ni la umeme. Hapo usukani ukiwa mzito, betri na chaji yake vipimwe kwanza, na kama taa ya usukani inawaka kwenye dashibodi, gari lipelekwe kwa fundi umeme mwenye mashine ya kusoma hitilafu.

Kwa aina zote mbili kuna kipimo kimoja cha nyumbani. Gari lisimame mahali tambarare, hendibreki ikiwa juu na gia ikiwa huru au kwenye P. Injini ikiwa imezimwa na ufunguo ukiwa umefungua usukani, dereva auvute kidogo upande mmoja na kuushikilia, kisha awashe. Usukani ukilainika mkononi mara injini inapowaka, msaada upo. Ukibaki mgumu vilevile, msaada haufiki.

Anza na kilicho rahisi

Matairi ya mbele ndiyo ya kwanza. Tairi lenye upepo mdogo huufanya usukani kuwa mzito hata kama pampu ni mpya. Kiasi cha upepo kinachotakiwa kwa kawaida huandikwa kwenye kibandiko mlangoni kwa dereva. Tairi zipimwe zikiwa za baridi, kabla ya safari.

Wa pili ni mkanda. Kelele kali wakati wa kuwasha asubuhi, au usukani unapokatwa hadi mwisho, mara nyingi ni mkanda uliolegea au kuchakaa. Masika, barabara za Kyela zinapojaa maji, mkanda uliolowa huteleza na usukani hukaza ghafla, kisha hurudi kawaida unapokauka. Mkanda hukaguliwa injini ikiwa imezimwa, watoto wakiwa mbali. Na ukikatika safarini, katika baadhi ya magari hukatika pamoja na chaji na mzunguko wa maji ya injini. Usukani ukikaza ghafla huku taa ya betri ikiwaka, dereva apunguze mwendo na asimame pembeni.

Ya tatu ni mafuta. Kikopo huwa na alama ya juu na ya chini, na kifuniko mara nyingi huonyesha aina inayotakiwa. Mafuta yakipungua, pampu hunguruma kila usukani unapozungushwa. Yakiwa na povu, hewa imeingia. Yakiwa meusi na kunuka kuungua, yamechoka. Mafuta ya breki yasiwekwe humo hata kwa dharura, kwani huharibu mipira inayozuia uvujaji.

Kuongeza mafuta kila wiki si tiba. Mafuta hayo hayaliwi na injini, hivyo yakipungua yanavuja mahali. Boksi likitandikwa chini ya gari usiku, asubuhi litasema. Doa jekundu au la kahawia hafifu upande wa pampu na mipira yake huelekeza kwenye usukani. Maji safi tupu mara nyingi ni ya kiyoyozi.

Pampu ndiyo ya mwisho kutuhumiwa. Kama upepo uko sawa, mkanda umekazwa, mafuta ni safi na yamefika alama, na bado usukani ni mzito, hapo fundi ana haki ya kuifungua. Nayo ina adui mmoja anayeketi kwenye kiti cha dereva: kukata usukani hadi mwisho na kuushikilia hapo. Mafuta hupata moto na pampu huumia. Dereva akifika mwisho, aulegeze kidogo.

Uliolegea ni hatari zaidi

Usukani mzito huogopesha kwa sababu dereva anausikia kila anapokata kona. Hata hivyo, katika magari mengi pawa ikifa tairi bado hufuata mkono, ila kwa jasho. Wa kuogopwa zaidi ni usukani mwepesi wenye ulegevu, unaochezacheza kabla tairi halijageuka, au unaogongagonga kwenye mashimo. Hapo vinavyotuhumiwa ni tairodi, bolijointi na viungio vingine. Kimoja kikichomoka, tairi linaweza kugeuka kivyake.

Kutoka Tukuyu hadi tambarare za Kyela barabara hushuka takriban mita 1,000, kona baada ya kona. Gari lenye kiungio kilicholegea halifai kupakia familia kwa mteremko huo. Kipimo chake ni cha gereji: gari linainuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi imara, tairi linashikwa kushoto na kulia na kutikiswa, huku mwingine akiangalia kiungio kipi kinacheza. Jeki peke yake haitoshi kwa mtu kuingia chini.

Gari likivuta upande mmoja, upepo wa tairi, breki na alaimenti vitazamwe kabla ya kitu kingine.

Chupa ya soda iliyobaki na mafuta

Mafuta ya usukani mengi ni mekundu, na yakibaki mara nyingi huhifadhiwa kwenye chupa ya soda au maji. Kwa mtoto, hicho ni kinywaji. Yabaki kwenye chombo chake, juu, chini ya kufuli. Mtoto akiyanywa asitapishwe, kwa sababu yanaweza kuingia kwenye mapafu. Awahishwe hospitali, na chombo kipelekwe pia ili mhudumu ajue alichokunywa.

Tukirudi kwa ile familia, tuseme baba alimwambia fundi, “Pima kwanza, nasubiri.” Tairi la mbele kushoto lilikuwa na upepo nusu. Mkanda ulikuwa umelegea. Pampu ilikuwa nzima. Lakini gari lilipoinuliwa, tairodi ya kulia ilicheza mkononi mwa fundi. Hakuna aliyekuwa ameilalamikia, maana baba alishazoea ule mchezo wa usukani tangu masika.

Fedha ya pampu ikanunua tairodi na mkanda. Usiku mtoto akila dozi yake ya pili, gari lilikuwa chini ya mwembe, na safari hii likiwa limeegeshwa pua ikitazama barabarani.