SEHEMU YA 9: Kuzaliwa Marekani na usiwe raia

Mama zangu, juzi niliongelea cheti cha kuzaliwa, dada mmoja akaniuliza inboksi: "Nesi, si ukizaliwa Marekani unakuwa raia tu?" Inategemea umezaliwa kipande kipi.

Kuna visiwa vya Samoa ya Marekani, kule Pasifiki. Bendera ya Marekani inapepea pale tangu 1900. Mtoto akizaliwa Pago Pago na wazazi wake wote si raia, sheria inampa utaifa wa Marekani, uraia haimpi. Pasi anapata, anaishi na kufanya kazi jimbo lolote bila viza. Ila ndani ya pasi hiyo hiyo kumeandikwa kwamba si raia, na kura ya rais hapigi. Akiutaka uraia ahamie jimboni, ajaze fomu, alipe ada, afanye mtihani kama mgeni! Angezaliwa Honolulu, au hata Guam, asingeulizwa kitu.

Sasa wapo viongozi wa Samoa wenyewe wasioutaka uraia wa moja kwa moja, wanahofia ardhi za koo zao. Hofu hiyo naielewa, ardhi ikishaenda jamani hairudi. Lakini Wasamoa waliohamia Utah walienda mahakamani, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi yao.

Mimi niko na hao wa Utah. Ardhi ilindwe kwa sheria ya ardhi. Kichanga kinahusikaje?

Kesho narudi kwenye chanjo ya surua, ile ya miezi 9. Njooni na kadi.